Msumbiji 1992: kwa nini kusitisha mapigano kuliachwa hadi itifaki ya sita

Mkataba wa amani wa Msumbiji, uliotiwa saini Roma mwaka 1992, una itifaki saba, yaani sehemu saba za makubaliano, na kusitisha mapigano ni ya sita. Ukitaka kuelewa kazi ya mtu wa dini katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, anzia hapo. Wengi wetu tukimwona padri akiingia kati ya wapiganaji tunatarajia neno lake la kwanza liwe "wekeni silaha chini." Wapatanishi wa Roma walikuwa wanne, mmoja askofu mkuu na mmoja padri wa parokia, na hilo walilifikia mwishoni kabisa, baada ya miezi 27 na vikao 11. Hawakuchelewa kwa uzembe. Walijua walichokuwa wakifanya.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Frelimo, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962 na ambayo wapiganaji wake walipikwa Nachingwea, ikashika serikali. Kuanzia 1977 vita na waasi wa Renamo vikapamba moto. Renamo ilianzishwa kwa mkono wa serikali ya walowezi wa Rhodesia, na Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980 ikapokelewa na makaburu wa Afrika Kusini. Kufikia mwisho wa vita, watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa, wengi wao kwa njaa na maradhi, na wengine kama milioni moja walikuwa wakimbizi nchini Malawi peke yake. Tanzania nayo haikuwa mtazamaji, maana mwaka 1987 na 1988 askari wa JWTZ walikuwa Zambezia wakiisaidia serikali ya Maputo.

Kanisa Katoliki lilianza likiwa pabaya. Kwa miaka mingi lilikaa upande wa Mreno, na baada ya uhuru serikali ilitaifisha shule zake, hospitali na majengo mengi ya misheni. Maaskofu walipoanza kuandika barua za kichungaji wakitaka serikali izungumze na Renamo, walionekana wasaliti. Lugha rasmi ya serikali kwa Renamo ilikuwa "majambazi wenye silaha," na mwenye akili timamu hazungumzi na majambazi. Neno hilo moja lilifunga mlango kwa miaka.

Aliyeubisha mlango huo alikuwa Jaime Pedro Gonçalves, askofu mkuu wa Beira. Yeye ni mwana wa Sofala, Mndau, na kiongozi wa Renamo, Afonso Dhlakama, alikuwa Mndau wa Sofala vilevile, mtoto wa chifu kutoka Mangunde. Mwezi Mei 1988 Gonçalves alisafirishwa kwa siri hadi kambi ya Renamo msituni Gorongosa, akakaa uso kwa uso na mtu ambaye magazeti ya Maputo yalimtaja kama kibaraka tu wa Pretoria. Alichorudi nacho hakikuwa mkataba wala ahadi. Alirudi na taarifa: huyu mtu amechoka na vita, ana madai yake mwenyewe, na anazungumzika. Kabla ya siku hiyo hakuna mtu wa kati aliyeweza kuyasema hayo kwa kuwa ameyaona kwa macho yake.

Kazi ya mwanzo ya mpatanishi ni ya mjumbe. Anakwenda, anasikiliza, anarudi, na neno alilopewa analifikisha kama lilivyo. Akilipunguza makali ili limpendeze mpokeaji, kikao kijacho kitalipuka, maana kila upande utafika ukiamini mwenzake amekubali jambo ambalo hakulikubali. Akiongeza lake, ameshakuwa upande wa tatu. Mjumbe hauawi, lakini mjumbe mwongo hatumwi mara ya pili. Lugha ya mama nayo ina uzito wake. Mpiganaji aliyekaa msituni miaka kumi, akizungumzishwa kwa Kireno cha ofisini, anajibu kiofisi. Akisalimiwa kwa lugha ya nyumbani kwao, mazungumzo yanaanzia kwingine.

Mwaka huohuo Rais Joaquim Chissano aliwaruhusu viongozi wa makanisa kuitafuta Renamo. Agosti 1989 wakakutana nayo Nairobi: Wakatoliki, akiwamo Gonçalves na Kardinali Alexandre dos Santos wa Maputo, pamoja na Baraza la Kikristo la Msumbiji, ambako Askofu Mwanglikana Dinis Sengulane alikuwa nguzo. Serikali ilituma hoja 12, Renamo ikajibu kwa 16. Marais Moi na Mugabe wakachukua kazi ya upatanishi. Hapo mambo yakakwama kwa namna ambayo wapatanishi wa nchi jirani hukwama daima. Mugabe alikuwa na maelfu ya askari wake ndani ya Msumbiji wakipigana upande wa Frelimo. Moi alionekana na Maputo kuwa anaegemea Renamo. Kila mmoja alikuwa na kitu cha kupata au kupoteza, na pande zote zilikijua kitu hicho. Juni 1990 ujumbe wa serikali ulikwenda Blantyre kukutana na Renamo ana kwa ana, ukasubiri, Renamo haikutokea.

Roma ilipatikana kwa sababu ya urafiki wa zamani. Gonçalves aliwafahamu vijana wa Jumuiya ya Sant'Egidio tangu alipokuwa akisoma huko miaka ya 1970. Ni jumuiya ya walei Wakatoliki iliyoanzishwa na Andrea Riccardi mwaka 1968 akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, na makao yake ni jengo lililokuwa konventi ya watawa Wakarmeli, mtaa wa Trastevere. Katikati ya miaka ya 1980 walituma Msumbiji meli za misaada na wakasaidia serikali ya Frelimo na Kanisa kuanza kusikilizana. Serikali ya Maputo iliwajua kwa misaada, Renamo ikawajua kupitia Gonçalves. Hawakuwa na jeshi, hawakuwa na mafuta ya kuuza, hawakuwa na mpaka na Msumbiji.

Tarehe 8 Julai 1990 ujumbe wa serikali ukiongozwa na Armando Guebuza, wakati huo waziri wa uchukuzi, uliketi mbele ya ujumbe wa Renamo ukiongozwa na Raul Domingos. Wenyeji walikuwa Gonçalves, Riccardi, Padri Matteo Zuppi wa Parokia ya Santa Maria in Trastevere, na Mario Raffaelli, mbunge aliyewakilisha serikali ya Italia. Waangalie vizuri hao wanne: askofu mzalendo anayejua kila kilima cha Sofala, mwanahistoria mlei, padri kijana wa miaka 34, na mwanasiasa mwenye dola nyuma yake. Nasema kwa uhakika, padri peke yake asingefika. Padri ana imani ya watu, lakini tiketi za ndege, hoteli za wajumbe kwa zaidi ya miaka miwili, na simu kwa balozi wa Marekani vinahitaji serikali. Italia ilibeba gharama hizo.

Jambo ambalo wengi hulipita haraka: siku hiyo ya kwanza hao wanne hawakuitwa wapatanishi. Waliitwa waangalizi. Kila upande ulitaka mazungumzo ya moja kwa moja, na kumkubali mpatanishi kulionekana kama kukiri kwamba wana wa nchi moja wameshindwa kuzungumza. Wenyeji hawakugombania cheo. Walikaa, wakatayarisha chumba, wakasikiliza. Novemba 1990, kikao cha tatu, pande mbili zenyewe zikawaomba wawe wapatanishi. Padri anayefika na kujitangaza msuluhishi kabla hajaombwa amejifungia njia, kwa sababu yule ambaye hakumwomba atakuwa na haki ya kumkataa siku mambo yatakapokuwa magumu.

Tamko la pamoja la 10 Julai 1990 ni fupi mno. Neno lenye thamani ndani yake ni lile linalozitambua pande mbili kuwa ni wana wa nchi moja, watu wa familia kubwa ya Msumbiji. Upande uliokuwa ukiitwa "majambazi" sasa ni ndugu, kwa maandishi na kwa saini ya waziri. Na serikali haikulazimika kutamka kwamba Renamo ni serikali nyingine au jeshi halali. Neno la ukoo lilibeba mzigo ambao neno la sheria lisingeweza kuubeba. Anayeandika tamko la kwanza la amani popote pale, kazi yake kubwa ni kulipata neno la aina hiyo.

Kisha likaja jaribio dogo. Tarehe 1 Desemba 1990 walitia saini makubaliano ya sehemu tu ya nchi. Askari wa Zimbabwe wangekusanywa kwenye korido mbili za reli, ya Beira na ya Limpopo, wasitoke nje ya kilomita 3 kila upande wa njia, na Renamo isingeshambulia korido hizo. Tume ya pamoja ya kuhakiki iliundwa, ikiwa na wajumbe wa pande mbili na wa mataifa ya nje, Kenya ikiwamo. Ukiukaji haukukosekana, na mapema 1991 malalamiko yalirundikana. Hata hivyo faida ya jaribio ilikuwa kubwa kuliko matokeo yake, kwa sababu kwa mara ya kwanza maofisa wa pande mbili walijadili reli, daraja na kilomita badala ya kujadili nani alianza.

Sasa turudi kwenye ule mpangilio. Serikali ilitaka mapigano yasitishwe kwanza, siasa baadaye. Ni ombi la haki, watu walikuwa wakifa kila siku. Renamo ilikataa, na ukikaa upande wake utaona kwa nini. Haikuwa na viti bungeni, haikuwa na fedha wala ofisi. Kitu pekee kilichoifanya isikilizwe ni bunduki. Kumwambia aiweke chini kabla ya kujua atakuwa nani kesho ni kumwambia ajisalimishe. Upande mwingine, serikali haikuweza kukubali kwamba sheria za nchi zisimame hadi waasi waridhike.

Ajenda iliyotiwa saini 28 Mei 1991 ilifungua fundo hilo kwa kupanga mambo kinyume na mazoea. Itifaki ya kwanza, 18 Oktoba 1991, ilikuwa ya misingi: serikali iliahidi kutotunga sheria wala kuchukua hatua zinazopingana na yatakayoafikiwa, na Renamo iliahidi kwamba baada ya kusitisha mapigano itafanya siasa kwa kufuata sheria. Ya pili, Novemba mwaka huo, ilihusu vyama vya siasa. Ya tatu, Machi 1992, uchaguzi. Zikafuata ya nne juu ya jeshi na ya tano juu ya dhamana na ratiba, kisha ya sita, kusitisha mapigano. Ya saba ni mkutano wa wafadhili. Kwa maneno mengine, mpiganaji alionyeshwa mlango, kiti, na njia ya kwenda kwenye kiti kabla ya kuombwa bunduki.

Bei ya mpangilio huo sitaificha. Vita viliendelea wakati watu wakijadili aya, na miezi yote hiyo vijiji vilichomwa. Kuna watu wa haki na amani ambao mpaka leo wanaona mpangilio huu ulikuwa wa kikatili, nami siwalaumu. Lakini kusitisha mapigano kusiko na kesho huvunjika haraka, na kukivunjika mara mbili tatu hakuna kamanda atakayeamini mara ya nne. Ukame mkali wa 1991 na 1992 ndio ulioleta haraka. Msituni hapakuwa na chakula cha kunyang'anya tena. Tarehe 16 Julai 1992 pande mbili zilikubaliana kuruhusu misaada ipite kwa raia, na tarehe 7 Agosti Chissano na Dhlakama, waliokutana Roma uso kwa uso kwa mara ya kwanza, walitia saini ahadi ya kumaliza kufikia 1 Oktoba.

Tarehe 1 ikapita. Dhlakama alikuwa bado na wasiwasi juu ya usalama wake na juu ya nani atatawala maeneo yaliyo mikononi mwake. Marais walikuwa wameshafika Roma, wanasubiri. Siku kama hizo ndizo zinazompima mpatanishi. Ukimsukuma mtu mwenye hofu, anaondoka. Ukimwacha kabisa, anaondoka pia. Saini ilipatikana Jumapili, 4 Oktoba 1992, sikukuu ya Fransisko wa Asizi, na hadi leo ni Siku ya Amani nchini Msumbiji. Mkataba ulianza kutumika tarehe 15 Oktoba. Siku chache baadaye Renamo iliteka miji minne, ukiwamo Angoche, na serikali ikairudisha kwa nguvu. Mkataba haukufa, kwa sababu kila upande ulijua utapoteza zaidi ukiutupa.

Baada ya saini padri anakaa kando, mhandisi anaingia. Umoja wa Mataifa ulileta kikosi cha ONUMOZ chini ya Aldo Ajello. Wapiganaji walikusanywa kwenye kambi 49, za serikali 29 na za Renamo 20. Uchaguzi ulipangwa kufanyika ndani ya mwaka mmoja, ukasogezwa hadi 27 Oktoba 1994, na ucheleweshaji huo ulikuwa wa makusudi. Angola ilikuwa imepiga kura Septemba 1992 majeshi yakiwa bado na silaha zao. Savimbi, kiongozi wa waasi wa huko, akashindwa, akarudi vitani. Hakuna aliyetaka kurudia hilo. Kila askari aliyeachishwa aliahidiwa malipo ya miezi 24: miezi 6 kutoka serikalini na 18 kutoka kwa wafadhili, yakitolewa karibu na kwao ili abaki kijijini asirundikane mjini. Ulianzishwa pia mfuko wa mamilioni ya dola wa kuigeuza Renamo kuwa chama. Wapo walioita hiyo rushwa. Mimi naona ni gharama ya ofisi, mafuta na mashati ya kwenda nayo kwenye kampeni, na ni nafuu kuliko wiki moja ya vita.

Palipoharibika pia pasemwe. Jeshi jipya lilipangiwa watu 30,000, nusu kwa nusu, waliojitokeza hawakufika hata nusu, wengi walitaka kwenda nyumbani. Kambi zilichelewa, chakula kikapungua, na mwaka 1994 askari wa pande zote mbili waliasi humohumo kambini. Silaha zaidi ya 150,000 zilikusanywa lakini chache ndizo zilizoharibiwa, na nyingine zilizikwa zikiwa zimepakwa mafuta, zikisubiri.

Kwenye silaha hizo makanisa yalirudi kazini. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo, kwa msukumo wa Askofu Sengulane, lilianza mradi wa kugeuza silaha kuwa majembe. Unaleta bunduki, unaondoka na jembe, baiskeli, cherehani au mabati, kulingana na ulicholeta. Hakuna anayekuuliza uliipata wapi wala uliitumia kwa nani, na hilo ndilo lililofanya watu waje. Silaha ilikatwa vipande palepale ili isirudi sokoni. Vipande vingine vilipewa wachongaji wa Maputo, na mti mkubwa wenye uzito wa nusu tani, uliotengenezwa kwa mitutu, magazini na vitako vya bunduki, sasa uko British Museum, London.

Msamaha wa kisheria ulipitishwa siku chache tu baada ya saini. Hapakuwa na tume ya ukweli wala mahakama. Kazi ya kumrudisha muuaji kijijini waliachiwa wazee, waganga na makanisa madogo. Kusini, kijana aliyerudi alipelekwa porini pembeni ya kijiji, kikajengwa kibanda cha nyasi, akavua nguo zote alizorudi nazo, kibanda na nguo vikachomwa, akafukizwa dawa, akaondoka bila kugeuka nyuma. Padri aliyesomea Roma angeweza kulipinga jambo hilo. Wenye busara walinyamaza, wakampokea kijana Jumapili iliyofuata.

Mwaka 2013 bunduki zililia tena Sofala. Rais alikuwa Guebuza, yuleyule aliyeketi Trastevere, na Dhlakama alikuwa amerudi Gorongosa. Malalamiko yalikuwa yale yaliyoachwa bila kumalizwa: nani ameingia jeshini, nani amepandishwa cheo, nani anateua magavana. Dhlakama alifariki 2018, mkataba mpya ukatiwa saini Maputo 6 Agosti 2019, na kambi ya mwisho ya Renamo, Vunduzi, ilifungwa Juni 2023, karibu miaka 31 baada ya Roma. Gonçalves hakuiona siku hiyo, alifariki 2016. Zuppi ni kardinali tangu 2019, na mwaka 2023 Papa Fransisko alimtuma Kyiv na Moscow.

Ninapofikiria Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, leo, ambako watu wa Mocímboa da Praia wanazungumza Kimwani na Kiswahili na wana ndugu zao Mtwara, naona ugumu ambao Gonçalves hakuwa nao. Vita vilivyoanza huko Oktoba 2017 havina Raul Domingos. Hakuna hoja 16 zilizoandikwa, hakuna kambi inayojulikana ambako askofu anaweza kushushwa na kusalimiwa kwa lugha ya kwao. Askofu Luiz Fernando Lisboa wa Pemba, aliyepaza sauti juu ya mauaji, alihamishiwa Brazil mwaka 2021 baada ya vitisho. Waliobaki, mapadri na masheikh, wanafanya ile sehemu ya kazi iliyotangulia Roma: kupokea waliokimbia, kuuliza kijana gani ameondoka kijijini na aliondoka na nani, na kuitunza namba ya simu ya mjomba wake.